Aliinyoosha nguzo ya baba yake, sasa anaipinda upya

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Gari dogo jeupe linaacha barabara, linapanda majani yaliyolowa na kusimama upande upande mbele ya lango la jumba la Thaxley Hall. Mwanamke anashuka bila kuzima injini wala kufunga mlango. Anapanda jukwaa la mabomba mbio mbio, kipande cha mkate wa siagi kikiwa bado mdomoni.

Katikati ya jukwaa kuna nguzo ya matofali mekundu iliyofunikwa magunia, tabaka juu ya tabaka. Mwanamke anafunua pembe moja, anaweka mgongo wa kiganja kwenye chokaa aliyoipaka jana, anautuliza hapo kama mama anayepima homa ya mtoto.

"Haijaganda," anasema, na hapo ndipo anapokumbuka kutafuna.

Huyu ni Glenda Rix, mwenye umri wa miaka 56, fundi wa kuta za kale katika vijiji vya kusini mwa Suffolk. Malango ya majumba makubwa, kuta za bustani za matunda, mabomba ya moshi yaliyoanza kuegemea upepo, yote ni kazi yake. Saruji haigusi. Anatumia chokaa na mchanga kama walivyotumia waliozijenga, na chokaa ina adui mmoja anayemkosesha usingizi, nayo ni jalidi. Umande ukiganda juu ya kiungo kibichi, kazi ya juma zima inageuka unga.

Ndiyo maana mafundi wenzake hufunga kazi ya chokaa Oktoba inapoisha. Hii ni wiki ya kwanza ya Novemba na Glenda bado yuko juu.

"Mume wangu anasema nimeolewa na simu," anasema, akichungulia utabiri wa hali ya hewa kwa mara nyingine. "Usiku nyuzi tatu. Kesho mbili. Ijumaa hawasemi. Sasa kwa nini Ijumaa hawasemi?"

Kinachomhangaisha si baridi peke yake. Nguzo hii anayoijenga aliijenga tayari mwezi Julai, ikasimama imenyooka bila kasoro hata ya unene wa kucha. Ameibomoa kwa mikono yake mwenyewe, na sasa anaijenga tena, safari hii akiipinda makusudi.

Mambo yalianza Glenda alipokuwa na miaka tisa. Lori la nafaka liligonga nguzo ya magharibi ya lango na kuiangusha, na aliyeitwa kuijenga upya alikuwa baba yake, Wilf Rix. Wilf alijenga kiangazi chote. Jukwaa lilipoondolewa, kijiji kizima kikaona kwamba nguzo imeinama kuelekea kijito. Nguzo ya pili, ile ya mashariki, ilikuwa imemezwa na mmea mtambaazi tangu zamani, hata hakuna aliyejua imekaaje. Ya Wilf ilikuwa uchi, nyekundu, na kombo.

Kule baa wakasema Wilf alijenga na chupa mfukoni. Wilf hakujibu kitu. Si mtu wa maelezo, na hata leo ukimwuliza habari za asubuhi anafikiri kwanza kama kuna haja ya kujibu.

Aliyebeba aibu ile alikuwa mtoto. Basi la shule lilipita langoni kila asubuhi, na kila lilipopita watoto wote waliinamisha vichwa upande mmoja, kimya kimya, mpaka nguzo ipite. Siku nyingine hata dereva aliinamisha chake.

"Na mimi nimekaa katikati yao, shingo nimeinyoosha, natazama mbele," anasimulia Glenda. Anasimulia akiwa amesimama, kwa sababu kukaa hajui. Chai aliyomiminiwa imeshapoa mara mbili. "Miaka saba ya kupita pale. Ukitaka kujua kwa nini mwanamke akawa fundi wa matofali enzi zile, jibu ni hilo. Nilitaka siku moja nije niinyooshe."

Akajifunza kazi kwa huyo huyo baba, na hapo ndipo kichwa kilipomuuma zaidi. Wilf alikuwa mkali wa kunyoosha kuliko fundi yeyote wa wilaya ile. Kona ya mwanafunzi ikitoka nje kidogo tu, anaisukuma kwa mguu, inaanguka, anaondoka. Binti yake alipofuzu, alimpa timazi yake ya shaba, kile kipande kizito chenye uzi ambacho fundi hukining'iniza kujua kama ukuta umesimama wima.

"Halafu tunapita langoni kwa gari, mimi na yeye, na timazi yenyewe iko mfukoni mwangu," anasema. "Naitazama ile nguzo, namtazama yeye, nasema moyoni, huyu mtu vipi? Lakini kumwuliza siwezi. Ningemwulizaje? Ni kama kumwuliza mzazi wako kama ni kweli alikuwa mlevi."

Mwaka huu, mwanzoni mwa kiangazi, nafasi yake ikafika. Maji yalikuwa yameingia kichwani mwa nguzo, na lile tufe la jiwe lililokaa juu yake likaanza kucheza. Rosalind Keane, msimamizi wa jumba, akampa Glenda kazi ya kuishusha na kuijenga upya. Geti la chuma lenye mabawa mawili likang'olewa, likapelekwa kwa mhunzi Desmond Aldous kukwanguliwa kutu na kupakwa rangi.

Glenda hakumwambia baba yake. Wilf ana miaka 85 sasa na anaishi katika nyumba ya kulelea wazee mji wa jirani, mapafu yake yamechoshwa na vumbi la miaka hamsini. Binti alitaka kumshangaza. Zaidi ya hapo, na hili analisema akitazama pembeni, alitaka kumwokoa. Alitaka mzee afe akijua jina la Rix halijabaki limeinama pale barabarani.

Nguzo ikasimama wima. Rosalind akaisifu. Watu wakasimamisha magari kuipiga picha. Jumapili moja ya Septemba Glenda akaenda na picha kwenye simu, akamwekea baba yake mbele ya macho.

Mzee aliitazama muda mrefu. Akavaa miwani, akaitazama tena.

"Na geti linafungaje?" akauliza.

"Geti bado liko kwa Desmond, baba. Litafunga tu."

Wilf akamrudishia simu, akaomba biskuti.

"Nilicheka njia nzima nikirudi nyumbani," anasema Glenda. "Nikajua mzee ameona wivu. Kumbe mimi ndiye mjinga wa hadithi."

Wiki ile ile Desmond alileta geti. Walipolitundika, mabawa mawili yalikutana chini na kuachana juu. Pengo lilikuwa la kupitisha kuku, na komeo lilibaki limenyoosha ulimi hewani bila pa kushika. Wakalishusha, wakalitundika upya. Pengo likabaki pale pale.

Desmond ndiye aliyechukua panga na kuanza kukata mmea uliofunika nguzo ya mashariki. Nusu saa baadaye wote wawili walisimama barabarani wakiitazama. Nguzo ya mashariki nayo ilikuwa imeinama kuelekea kijito, mwinamo ule ule.

Lango zima lilikuwa limelala upande mmoja tangu kabla babu zao hawajazaliwa. Ardhi ilizama, nguzo zote mbili zikafuatana nayo, na mhunzi fulani wa zamani akalipinda geti likae sawa na nguzo zake. Wilf aliliona hilo akiwa kijana wa miaka thelathini na nane. Akaijenga nguzo ya magharibi kombo ili geti lifunge, kisha akaacha watu wacheke.

"Mimi nilichubua kutu mwezi mzima," anasema Desmond, mwenye umri wa miaka 70, mikono yake myeusi hadi kwenye viwiko. "Nililiona limepinda. Lakini geti likilala sakafuni huwezi kujua kama ni lenyewe limepinda au ni wewe."

Kwa nini wasilinyooshe geti? Desmond anatikisa kichwa kabla swali halijaisha. Chuma kile ni cha zamani, kimechoka, na lipo tawi la maua juu yake jembamba kama kidole cha mtoto. "Nikilipasha moto hilo, nitamrudishia Rosalind kapu la vipande."

Kijiji hakikuchelewa. Jumamosi ile ile kule baa Glenda alipokewa kwa makofi. "Mwenzetu huyu kanyoosha nguzo kapinda geti," mmoja akasema. Mwingine akamshauri alete timazi aipime bia yake. Yeye akanywa nusu glasi akaondoka, na anakiri kwamba alilia ndani ya gari, si kwa utani wao, bali kwa sababu utani huo baba yake aliubeba miaka arobaini na saba, na yeye alikuwa miongoni mwa waliomcheka, moyoni, kila siku, kwenye basi na nje ya basi.

Rosalind Keane hamlaumu. "Mimi nilimpongeza kwa maneno yangu mwenyewe, sasa nitamgeukaje?" anasema. Lakini jumba linaishi kwa harusi na wageni, na lango lisilofungwa halina faida kwake. Ofisi ilikwisha kutafuta mtu wa kuweka kizuizi cha umeme, geti la zamani likahifadhiwe ghalani. Akampa Glenda hadi katikati ya Novemba. Baada ya hapo baridi ingeamua yenyewe.

Katika siku ya kawaida Glenda hulipwa pauni 190. Kwa nguzo hii ya pili hapokei chochote, na amekataa kazi nyingine mbili ili aimalize. Mumewe Clive, dereva wa lori la maziwa, anasema hilo halimsumbui. Linalomsumbua ni mke anayeamka kufungua dirisha na kutoa mkono nje.

Kujenga kombo ni kugumu kuliko kunyoosha. Mkono uliozoea wima unarudi wima wenyewe. Glenda amechonga ubao mrefu, upande mmoja umenyooka, upande wa pili umekatwa mshazari kwa kipimo alichokichukua kwenye nguzo ya mashariki. Anaegemeza upande wa mshazari kwenye matofali, kisha anaitundika timazi kwenye upande ulionyooka.

"Timazi inasema kweli," anaeleza, mwiko mkononi, jicho kwenye uzi. "Ubao ndio unaosema uongo kwa niaba yangu. Ila kila nikipanga tofali, moyo unanikataza. Jana nilipanga mstari mzima, nikashuka kunywa chai, nikarudi nikauona, nikausukuma kwa mguu. Ulikuwa umenyooka."

Ijumaa ambayo utabiri haukuisema ilipita na mvua. Jumamosi nayo. Jumapili jalidi ilianguka, nyeupe juu ya malisho yote, na Glenda alifika langoni akiwa na buti miguuni na gauni la kulalia chini ya koti. Alikuwa ameifunika nguzo magunia, juu yake majani makavu, juu yake turubai, na ndani aliacha chupa za maji ya moto kama mtu aliyemlaza mgonjwa. Alifunua tabaka moja moja. Chokaa ilikuwa salama, isipokuwa mstari mmoja wa juu uliomong'onyoka. Akaukwangua, akaupanga upya siku hiyo hiyo.

Siku ya kutundika geti ilikuwa Jumatano. Clive alimleta Wilf kutoka kwenye nyumba ya wazee, amefungwa blanketi hadi kidevuni, mtungi wa hewa umekaa nyuma ya kiti cha magurudumu. Akamweka kando ya barabara. Mzee akainua kichwa. Aliitazama nguzo kutoka chini hadi juu, akaangalia ya pili, akarudi ya kwanza.

Glenda alikuwa hashikiki. Alishika bawaba, akaiachia, akaenda hadi barabarani, akarudi, akapangusa tofali ambalo halikuwa na uchafu.

"Bibie, kaa chini, unanitia kizunguzungu," Desmond alimwambia, bega lake likiwa chini ya bawa la geti.

"Nikikaa litaanguka."

"Litaniangukia mimi, si wewe. Kaa."

Hakukaa. Mabawa yakatundikwa, moja, kisha la pili. Desmond akarudi nyuma, akafuta mikono kwenye suruali, akamtazama Glenda. Glenda akamtazama baba yake. Ndipo Wilf akatoa mkono mmoja ndani ya blanketi na kuashiria asogezwe mbele.

Clive akamsukuma hadi karibu. Mzee akaweka kiganja kwenye chuma, akasukuma taratibu. Bawa likaenda kwa mwenzake, yakakutana chini, yakakutana juu, na komeo likaanguka kwenye nyumba yake kwa mlio mmoja mzito ambao kijiji hakikuwa kimeusikia tangu Mei. Ng'ambo ya barabara mama mmoja aliyekuwa anaanika nguo aligeuka kutazama.

"Tena," alisema Wilf.

Wakalifungua, akalifunga tena.

Glenda alikuwa amechuchumaa kando ya kiti, amefunika mdomo kwa mkono uliojaa chokaa. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekasirika.

"Kwa nini hukuniambia, baba? Miaka yote hiyo. Watu wanakucheka, mimi nakuonea haya, na wewe umekaa tu kimya."

Mzee alivuta pumzi mara kadhaa, maana sentensi kwake sasa ni safari.

"Nilidhani utaniuliza," alisema.

Glenda akalaza uso kwenye blanketi lake na kulia, na Desmond akaona ni wakati mzuri wa kwenda kuangalia gari lake.

Mchana huo tufe la jiwe lilipandishwa kurudi juu ya nguzo. Kabla halijakaa, Glenda alitoa timazi ya shaba mfukoni, akaizungushia uzi wake, akailaza kwenye chokaa mbichi, pale pale ambapo jiwe lingekaa.

"Hiyo ya nini huko?" Wilf aliuliza kutoka chini.

"Atakayekuja kuibomoa siku moja ataanza na jiwe. Akute timazi. Ajiulize kwa nini mtu mwenye timazi alijenga kombo."

"Atadhani fundi alilewa akaisahau."

"Basi na aende baa akaulize."

Mzee akacheka mpaka Clive akalazimika kuufungua mtungi zaidi. Jiwe likashuka, likakaa.

Sasa lango linafungwa kila jioni. Basi la shule bado linapita, na watoto wa leo wana simu zao, hawana habari na nguzo. Anayeinamisha kichwa ni Glenda peke yake, akiwa kwenye usukani, kila anapopita.

Utulivu, hata hivyo, haujamkuta. Aprili chokaa itakaporuhusu ataanza nguzo ya mashariki, ambayo ilipovuliwa majani imeonekana ina ufa kiunoni, na anataka Wilf awepo kwenye kiti chake kando ya barabara. Tena si nguzo hiyo tu; kuna kazi nyingine za mzee anazotaka kumwuliza habari zake. Kuna ukuta wa bustani unaokwenda kama nyoka kule Harwold, ambao Wilf aliuacha na matundu chini. Kuna tao la bustani ya kanisa lenye tofali moja lililogeuzwa. Kuna bomba la moshi ambalo Wilf alikataa kulimaliza mwaka ambao Glenda alizaliwa. Kuta ni nyingi na pumzi ya mzee ni fupi, na yeye amepoteza muda mrefu akidhani majibu anayajua.

"Natumaini tu atanisubiri," anasema. "Nimemwambia asiende popote kabla hatujafika Harwold."

Jumapili iliyopita alifika kwenye nyumba ya wazee saa nane mchana, koti limelowa, viatu vina matope. Wilf alikuwa kitandani, macho yamefumbwa, midomo ya samawati kidogo. Muuguzi alisema usiku ulikuwa mbaya, heri aachwe apumzike.

Glenda akavuta kiti bila kelele, akakaa. Akatazama dirishani, akatazama mtungi, akatazama kifua cha baba yake kinapopanda na kushuka. Goti lake likaanza kucheza lenyewe, kitanda nacho kikatikisika kidogo.

"Acha goti," alisema Wilf bila kufumbua macho. "Uliza."